Inauma Haiumi?

Siku Bwana Mganga, mkuu wetu wa kazi, aliponiita ofisini na kuniambia kwamba anakuja daktari mwanamke kutoka Uchina, na kwamba mimi ndiye nitakayekuwa naye, nilijua mara moja kwa nini nimechaguliwa. Katika zahanati yetu ya kijiji, kando ya barabara inayokwenda Ikungi, ni mimi peke yangu kati ya wasaidizi niliyemaliza darasa la saba. Wengine walikuwa wamejifunza kazi kwa macho tu, na waliijua vizuri kunishinda. Lakini darasa la saba maana yake ulikuwa umesoma Kiingereza.

"Kile cha wazungu si unakijua?" aliniuliza.

"Kidogo, mzee."

"Basi kidogo kinatosha. Mgeni ni mgeni."

Bwana Mganga alifundishwa uganga wa hospitali enzi za mkoloni, na kwa akili yake watu wote waliovuka bahari kuja huku walizungumza lugha moja. Nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini au ishirini na mmoja, sikuwa na la kumpinga. Jumapili nzima nilishinda nyuma ya nyumba nikifufua Kiingereza changu. Nilipanga sentensi ya kumsalimu, ya kumpa pole ya safari, na ya kumwonyesha maji yalipo. Mama alinisikia nikijisemesha peke yangu akadhani naweweseka kwa homa.

Landirova ilikuja ikiwa nyeupe kwa vumbi. Walishuka madaktari wawili wanaume waliokuwa wakiendelea na safari, daktari wetu, na kijana mmoja mwembamba aliyekuwa mkalimani wao. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, nywele zimekatwa usawa wa masikio, na viatu vya kitambaa kama vya kulalia. Nikasogea mbele, nikameza mate, nikatoa sentensi yangu ya kwanza yote bila kukwama.

Akanitazama, akatabasamu, akamgeukia mkalimani. Mkalimani naye akanitazama mimi. Kisha akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi:

"Ndugu, daktari hafahamu lugha hiyo. Mimi pia siifahamu. Tafadhali tuzungumze Kiswahili, lugha yetu ya taifa."

Bwana Mganga alicheka mpaka akavua miwani. "Umesikia? Lugha *yetu* ya taifa!"

Yule kijana alikuwa amesoma Kiswahili huko huko kwao, na nadhani alikisoma kwa kusikiliza redio, kwa sababu hata akiomba chumvi ungefikiri anasoma taarifa ya habari. Jioni ile ile aliondoka na wenzake kwenda mjini Singida, walikokuwa na kazi kubwa zaidi. Aliahidi kupita kwetu kila wanapokuja huku. Kabla ya kupanda gari aliniita pembeni.

"Ndugu, lugha hujengwa kwa mazungumzo," akasema. "Zungumzeni."

Gari likaondoka. Tukabaki wawili tukiangalia vumbi. Yeye alijua maneno manne ya Kiswahili: "asante", "ndugu", "dawa" na "maji". Mimi la kwao sikujua hata moja.

Alipewa chumba katika nyumba ya wauguzi, lakini nyumba ile haikuwa na jiko, hivyo ikaamuliwa atakula kwetu. Nyumba yetu ilikuwa jirani. Kijiji kilikuwa kipya, serikali ilikuwa imetuhamishia huko, nyumba zimepangwa mistari miwili kama wanafunzi gwarideni, na Mama alikuwa bado hajamsamehe aliyechora mistari ile. Tembe yake, nyumba ya paa la udongo, aliiacha ng'ambo ya mawe makubwa, pamoja na majirani wote aliozungumza nao Kinyaturu tangu alipoolewa. Huku kijijini alipakana upande mmoja na Mnyiramba, upande wa pili na Mgogo. Hata kuomba moto sasa kulihitaji Kiswahili, na Kiswahili cha Mama kilikuwa cha gulioni: bei gani, punguza, sitaki.

Ndiyo maana alikuwa mwanafunzi wangu. Alasiri, baada ya kazi, nilifundisha darasa la elimu ya watu wazima katika banda la mikutano, na Mama alikaa benchi la mbele kwa amri ya balozi wa nyumba kumi. Alikuwa mwanafunzi msumbufu kupita wote. Nikiandika neno ubaoni, alitaka kwanza nimweleze kwa nini liko hivyo.

Daktari aliposikia kuna darasa aliomba kuingia. Akaja na kitambaa cha kufutia vumbi, akafuta benchi, akaketi kando ya Mama. Nikawatazama wawili wale mbele yangu, mmoja kutoka Uchina na mwingine kutoka ng'ambo ya mawe, na wote wawili Kiswahili kwao kilikuwa mgeni.

Daktari alimpita Mama haraka, kwa sababu hakuogopa kukosea. Alilibeba neno jipya kama mtoto anavyobeba kifaranga, akalipeleka kwa kila mtu. Nilipomfundisha "shikamoo" na kumwambia kwamba ndiyo heshima ya kwetu, kesho yake asubuhi alimsalimia hivyo Bwana Mganga, akamsalimia mfagiaji, akawasalimia watoto waliokuwa wakipita kwenda shule. Watoto walisimama. Mmoja, jasiri, akaitikia, "Marahaba." Bibi yake alikuwa kwenye foleni ya zahanati. Alichomoka huko na kanga mkononi, na yule mtoto akafika shule kabla ya kengele.

Mama ndiye aliyeweka mambo sawa. Hakuwa na maneno mengi, akatumia mkono. Aliuweka chini karibu na goti, akasema, "Mtoto." Akaunyanyua mpaka usawa wa kichwa chake, akasema, "Mama." Kisha akaupandisha mkono kutoka chini kwenda juu. "Shikamoo inapanda," akasema. "Haitelemki."

Daktari akamwelewa. Akasimama, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, Mama." Mama akaitikia kwa sauti ndefu ya kuridhika. Toka siku hiyo alimwita mwanangu, ingawa walipishana miaka michache tu.

Lakini kila asubuhi kulikuwa na jambo ambalo sikulielewa. Daktari akitoka chumbani kwake na kupita kwetu, baada ya shikamoo aliuliza, "Mama, umekula?" Mama alikuwa amekwisha kula, maana aliamka na kuku. Lakini mtu akikuuliza kama umekula ilhali moshi unaonekana jikoni, ana maana gani? Mama alielewa kwamba mgeni ana njaa na anaona aibu kusema. Akamkorogea uji wa uwele, akamwekea mezani bakuli kubwa. Daktari akanywa wote. Kisha akaja zahanati, ambako mimi nilikuwa nimemwekea chai na viazi kwa maagizo ya Bwana Mganga. Navyo akala.

Mama akaanza kunilalamikia. "Huko kwenu zahanati hamumpi mtu chakula? Kila siku anakuja kuomba."

"Anapewa, Mama. Anakula vizuri."

"Basi ana mchango tumboni. Daktari mzima ana mchango, na hakuna wa kumtibu."

Tuliendelea hivyo wiki kadhaa, mpaka siku mkalimani alipopita. Mama alimkalisha chini, akaniambia nimuulize waziwazi, bila kuzungusha, mgeni wetu ana ugonjwa gani wa njaa. Mkalimani akazungumza na Daktari. Nikaona Daktari anashika mashavu yake kwa mikono miwili.

"Ndugu mama," mkalimani akasema, "kwetu kumwuliza mtu kama amekula ni salamu. Haihitaji uji."

"Haihitaji uji?"

"Hapana. Unajibu tu kwamba umekula, na mambo yanaendelea."

Kisha habari ya upande wa pili nayo ikatoka. Daktari naye alidhani ni desturi ya Wanyaturu kwamba ukimsalimu mama mwenye nyumba asubuhi lazima akupe bakuli la uji, na kulikataa ni kumtukana. Alikuwa akijilazimisha. Akatuonyesha kiuno cha suruali yake, alivyosogeza kifungo.

Tulicheka mpaka jirani wa Kigogo akaja kuuliza kuna nini. Mama ndiye aliyenyamaza wa kwanza, akafikiri. Kisha akasema kwa Kinyaturu, nami nikatafsiri, "Lakini hiyo ndiyo salamu ya maana. Hii yenu ya hujambo inauliza nini? Mtu ana mambo kumi yamemlemea, unamwuliza hujambo, anakujibu sijambo."

Mkalimani alitoa kalamu mfukoni akayaandika maneno hayo kwenye kiganja chake.

Kazini ndiko Kiswahili kilikotutoa jasho. Mimi nilizaliwa nikikisikia pembeni, sikuwahi kukitazama. Sasa nilikuwa na mtu anayekitazama kila neno kama anayechambua mchele. Asubuhi moja alikuja mama mmoja, akaeleza, "Daktari, nasikia baridi, nasikia kichefuchefu, na mgongo nasikia unauma." Daktari alikuwa amelijua neno kusikia darasani kwangu: masikio ni ya kusikia. Akachukua kile kitochi chake, akamchungulia yule mama sikio la kulia, kisha la kushoto. Hakuona kitu. Akaja mzee, akasema anasikia njaa lakini akila anasikia kushiba upesi. Daktari akamchungulia masikio. Akaja kijana aliyesikia harufu ya damu puani. Masikio tena.

Mimi nilikuwa chumba cha pili nikichemsha sindano, sikujua. Nilipojua ilikuwa adhuhuri na habari zilishatoka. Kesho yake foleni nzima ilikuja imesafisha masikio. Kuna wengine walioyapaka na mafuta.

Niliketi naye kumweleza. Nikamwambia kwa Kiswahili tunasikia kwa masikio, na kwa pua, na kwa tumbo, na kwa ngozi. Ni jicho tu halisikii. Akatikisa kichwa polepole, akauliza, "Jicho kwa nini?" Nikarudi kwenye sindano zangu.

Nilikosea pia kumfundisha "Umepata choo?" bila kumweleza zaidi. Mzee mmoja aliyetoka mbali alipoulizwa hivyo, alijibu kwa adabu, "Nimekipata, asante. Kiko kule nyuma ya ua wa minyaa. Ila mlango wake hauna komeo." Daktari akaniita nimfafanulie komeo ni sehemu gani ya utumbo.

Na neno kuchoma. Siku alipofika tulikuwa tumemkaribisha kwa kuku wa kuchoma, akalipenda neno pamoja na kuku mwenyewe. Basi siku moja nikamwambia mama mwenye mtoto, "Mshike vizuri, Daktari anamchoma sasa hivi." Daktari akaiweka sindano chini.

"Kuchoma? Kama kuku?"

"Ndiyo, neno ni lile lile."

Alimtazama yule mtoto, akalitazama jiko la sindano likiwaka, akakataa katakata. Hakuwa tayari kumwambia mtoto mdogo maneno kama hayo. Tukakubaliana kwamba yeye atasema kudunga, na mpaka alipoondoka hakuna mtu aliyechomwa sindano katika zahanati yetu.

Yeye naye alituletea yake. Alinifundisha neno lao la maumivu, *teng*, na kwamba ukitaka kumwuliza mgonjwa kama anaumwa, unalitaja neno mara mbili, mara moja kwa ndiyo na mara moja kwa hapana, halafu mgonjwa anachagua. *Teng bu teng?* Kwa kuwa lugha yake ilikwenda hivyo, alikipeleka na Kiswahili njia hiyo hiyo. Akimbonyeza mtu tumbo aliuliza, "Inauma haiumi?" Akimpa dawa, "Unameza humezi?" Mwanzoni nilimsahihisha. Baadaye niliacha, kwa sababu wagonjwa walimwelewa haraka kuliko walivyonielewa mimi. Mimi nikiuliza, "Je, unahisi maumivu?" mtu alianza hadithi toka msiba wa shangazi yake. Daktari akiuliza, "Inauma haiumi?" alijibu neno moja.

Mama alikuwa na magoti mabaya. Daktari aliyatazama kwa muda mrefu, kisha siku moja akaja na sindano nyembamba kama unywele, akasema atamdunga nazo bila dawa yoyote ndani. Mama aligoma. Sindano bila dawa, akasema, ni chungu bila mboga. Ilibidi Bwana Mganga mwenyewe aketi, akunje suruali, adungwe kwanza mbele ya Mama, uso umemkauka huku akisema haiumi kabisa. Mama akakubali kwa kumhurumia. Sindano zilipokuwa zimesimama kwenye goti kama mabua shambani baada ya mavuno, Daktari akauliza swali lake.

"Inauma haiumi?"

Mama akafikiri kwa uaminifu. "Inauma," akasema. Kisha akanyoosha mguu kidogo. "Haiumi."

"Ipi, Mama?" nikamwuliza.

"Zote mbili. Muache, amenielewa."

Sisemi kwamba magoti yalipona. Lakini baada ya siku chache nilimwona akishuka kwenye mawe na fundo la mlenda mkononi, na zamani alinituma mimi.

Katika yote hayo, kuna alasiri moja ninayoipenda zaidi. Sukari ilikuwa imeletwa katika duka la kijiji, jambo ambalo halikutokea mara nyingi, na Mama alikuwa amepata yake. Daktari aliionyesha kwa kidole, akatuambia jina lake kwao: *tang*. Kisha akaonyesha mchuzi wa kuku jikoni, akasema: *tang*. Nikamwambia Mama, "Ajabu, sukari na mchuzi kwao jina moja."

"Siyo moja," Mama akasema.

"Mama, amesema *tang* na *tang*."

"Wewe masikio yako yameharibiwa na shule. La mchuzi limesimama juu, limetulia. La sukari linaanzia chini linapanda." Akayasema yote mawili, moja baada ya jingine, akiwa ameinama anageuza ugali.

Daktari aliruka kutoka kwenye kigoda. Akamshika Mama mabega akamwomba aseme tena. Mama akasema. Daktari akampa maneno mengine, ya kupanda, ya kushuka, ya kuzama na kuibuka, na Mama akayarudisha kama mtu anayeokota karanga. Kwetu Kinyaturu nacho kina mapando na materemko yake. Ukilishusha neno mahali pasipo pake umesema jingine, na Mama aliishi ndani ya lugha hiyo tu toka kuzaliwa. Mimi nilijaribu, nikaambiwa na wote wawili kwamba nimesema kitu kisichokuwepo.

Ugali uliungua. Tuliula hivyo hivyo.

Kisha kulikuwa na uzazi ule. Ilikuwa mchana wa jua kali, akaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe mwanamke kijana, mimba yake ya kwanza, uchungu umemshika toka asubuhi na nguvu zimeanza kumwisha. Mama mkwe wake na shangazi walibaki nje ya dirisha. Mkunga wetu alikuwa amekwenda kwao kwenye msiba, kwa hiyo tulikuwa Daktari na mimi. Nilikuwa nimeshuhudia uzazi mara chache tu. Daktari aliosha mikono yake. Alimpapasa, akasikiliza, akaniambia kwa maneno yetu yale ya kuunga kwamba mtoto yuko njiani, yuko vizuri, mama yake tu ndiye amechoka.

"Neno gani?" akaniuliza, akifanya kwa mikono ishara ya kusogeza kitu mbele kwa nguvu.

"Kusukuma," nikamwambia. "Mwambie amsukume mtoto."

Akamwinamia yule binti, akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya kutia moyo kabisa, "Msukuma, mama! Msukuma!"

Yule binti alifumbua macho. "Nani?"

"Wewe! Msukuma! Msukuma!"

"Mimi si Msukuma," akasema, na jasho linamtiririka. "Mimi Mnyaturu."

Dirishani akaitikia mama mkwe, kwa hasira, "Nani anasema mkwe wangu Msukuma? Baba yake namjua, babu yake namjua!"

"Msukuma sana!" Daktari akahimiza, akidhani anaungwa mkono.

Hapo shangazi naye, nje, akakumbuka kwamba kweli, bibi yake yule binti upande wa mama alitoka Shinyanga, na kwamba jambo hilo halikusemwa wakati wa posa. Wakaanza kubishana dirishani. Yule binti aliwasikiliza, akanitazama mimi, akamtazama Daktari aliyekuwa bado anamwita Msukuma kwa upendo wote, na kicheko kikamtoka. Kilianza kidogo, kikamkamata tumbo zima. Uchungu ukaja juu yake kikiwa bado hakijaisha. Sijui kilichosukuma ni kipi kati ya hivyo viwili, lakini kichwa kikaonekana, nami nikakunjua kanga ya kumpokelea. Alikuwa mtoto wa kike, alilia kwa sauti kuliko ubishi wa dirishani, na wale wawili nje wakanyamaza, halafu wakapiga vigelegele kwa pamoja kama hawakuwahi kugombana.

Nilipomweleza Daktari alichokuwa akisema, aliketi sakafuni kabisa, mgongo ukutani, mikono bado ina sabuni, akacheka bila sauti mpaka machozi. Mtoto yule kijiji kilimtania Msukuma hadi alipoolewa. Nasikia alikoolewa ni Mwanza.

Muda wake ulipokwisha, kijiji kilimwandalia maagano pale kwenye banda la mikutano. Ng'ombe alichinjwa. Mwenyekiti wa kijiji alisema maneno yake, marefu. Bwana Mganga akasema yake, akakumbuka kulitaja goti lake. Ndipo akaitwa Daktari, na mkalimani, aliyekuja na Landirova kumchukua, akasimama kando yake tayari kutafsiri. Daktari akamgusa mkono akamwambia aketi.

Nilikuwa benchi la mbele na Mama, na nakumbuka nilibana vidole vyangu kwa hofu, kama mzazi ambaye mtoto wake anasimamishwa kusoma mbele ya mkaguzi.

"Shikamooni wazee," akaanza, na wazee wakaitikia. "Watoto, hamjambo." Akashukuru kwa kuku. Akashukuru kwa uji, na watu waliokuwa wanajua wakacheka. Alisema alipokuja alikuwa na maneno manne, na sasa anayo mengi, hayatoshi kwenye sanduku. Yote yalikwenda vizuri. Kisha akaweka mkono kifuani, akatutazama mwanzo wa banda mpaka mwisho, na machozi yakamlenga.

"Ndugu zangu," akasema, "nimewazoa. Nimewazoa ninyi nyote."

Alitaka kusema ametuzoea. Lakini kuzoa ni kazi ya ufagio na takataka. Watu walitazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kucheka mbele ya machozi ya mgeni. Mzee mmoja wa nyuma, mfugaji aliyekuwa na sauti ya kuita ng'ombe, ndiye aliyetuokoa.

"Tuzoe, mama!" akapaza. "Tuzoe wote, utupeleke kwenu!"

Banda likalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, vijana wakapiga mabenchi. Daktari alinitafuta kwa macho kuuliza amekosea wapi, nami nilimtikisia kichwa kwamba hakukosea. Alipokuja kutuaga, alimkumbatia Mama kwa muda. Walisemeshana. Mama alisema kwa Kinyaturu, na yeye alisema kwa lugha yake, na hakuna aliyeniomba nitafsiri.

Hatukumwona tena. Madaktari wengine wa kwao waliendelea kuja mkoani, lakini hawakupangiwa kwetu. Mama aliendelea na darasa mpaka akaweza kujisomea vibao vya barabarani, akawa anavisoma kwa sauti kila tukisafiri, ukitaka usitake. Jirani wa Kigogo alikuja kuwa rafiki yake mkubwa kuliko wote aliowaacha ng'ambo ya mawe.

Mimi Bwana Mganga aliniandikia barua nikaenda kusomea ukunga. Nilipomaliza nilipangiwa kazi Manyoni, karibu na stesheni. Asubuhi yangu ya kwanza aliingia bibi mmoja, kanga mbili, fimbo, akaketi mbele yangu na kuanza kunieleza shida yake kwa Kigogo. Alieleza yote, kwa utulivu, mpaka mwisho. Sikupata hata neno. Msaidizi wangu alikuwa bado hajafika, na bibi alikuwa akingoja nimjibu.

Nilimwamkia kwanza, hilo alilijua. Kisha nikavuta kiti changu karibu na chake, nikamwonyesha ile fimbo.

"Bibi," nikasema, "hii kwenu mnaiitaje?"

Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni, akaona kofia yangu mpya na gauni langu jeupe, akacheka kwa meno yote aliyobaki nayo. Kisha akaipiga ile fimbo chini mara moja, akanitajia jina lake kwa Kigogo, polepole, na akangoja nirudie.